Urithi wa Damu na Nguvu za Uzeeni
Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Halmashauri ya Afya mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri ya Afya imetakiwa kujibu swali ambalo limeletwa na matawi yetu, mengine kwa barua, mengine kwa maneno ya mdomo. Swali lenyewe ni hili. Kwa nini mzee mmoja hufika miaka 85 naye angali akipanda matuta ya shamba lake, na jioni akiwahesabu mbuzi wake bila ya kukosea hata mmoja, hali ndugu yake wa tumbo moja hushindwa kuinuka kitini akiwa na miaka 62? Je, ni damu waliyorithi, ni chakula, ni kazi, au ni mkono wa mtu? Ndugu zetu hawakuuliza kwa udadisi mtupu. Twajua kuna posa zilizorudishwa kwa sababu nyanya wa msichana alipotewa na akili kabla ya kufa kwake. Twajua pia kuna wajane wakongwe ambao hawasalimiwi sokoni kwa kuwa husahau njia na kusema peke yao. Mambo haya yamo katika vijiji vyetu wenyewe, na chama cha kusaidiana hakiwezi kuyanyamazia.

Tuanze na maana ya urithi. Mfugaji ye yote wa Mwingi au wa Kibwezi ajua ya kuwa beberu humwachia mwanawe rangi, umbo la pembe, na hata tabia ya kustahimili ukame. Naye ajua vile vile kwamba mtoto wa beberu bora akinyimwa majani atakonda kama wenzake. Elimu ya leo haikuyapindua maarifa hayo, bali imeyatia hesabu. Ndani ya kila chembe ya mwili mna maandishi marefu mno, yenye herufi kama milioni elfu tatu kutoka kwa baba na kadiri hiyo hiyo kutoka kwa mama, nayo ndiyo yauagizayo mwili namna ya kujijenga na kujitengeneza. Sehemu za maandishi hayo zilizo na agizo huitwa jeni, na kila mtu ana jeni kama 20,000. Watu wawili wasio jamaa hutofautiana kwa herufi kama moja katika kila elfu. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini katika maandishi marefu namna hiyo zapata herufi kama milioni tatu.

Hapa pana jambo ambalo yafaa wazee walijue. Binadamu walianza katika bara hili, na kwa hivyo Waafrika ndio wanaotofautiana zaidi wao kwa wao kuliko watu wo wote wengine. Mwaka 2020 wataalamu walioungana katika kazi iitwayo H3Africa walitangaza kuwa wamesoma maandishi ya watu 426 wa jamii 50 za Afrika, wakakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa po pote kabla yao. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyosemwa duniani juu ya urithi na uzee yalitolewa katika damu za watu wa Ulaya. Mtu akituambia kuwa jeni fulani hufupisha maisha, ni haki yetu kumwuliza kwanza: maisha ya nani?

Je, urithi una sehemu gani katika maisha marefu? Watu wa Denmark wana daftari za mapacha waliozaliwa tangu karne ya 19, na mwaka 1996 walitoa hesabu ya jozi 2,872 za mapacha waliozaliwa kati ya 1870 na 1900. Waliwalinganisha mapacha wafananao kabisa na mapacha wasiofanana, wakaona kuwa karibu robo moja tu ya tofauti za urefu wa maisha yaweza kuelezwa kwa urithi. Hesabu za siku hizi, ambazo huviondoa vifo vya ajali na vya maambukizo, zimeipandisha sehemu hiyo, wengine wakiifikisha nusu. Lakini twaomba msikilizaji asilichukue neno hilo kama mgawanyo wa shamba, kwamba robo hii ni ya damu na robo tatu zile ni za chakula. Hesabu hiyo ni ya kundi zima la watu wanaokaa katika hali fulani. Haimwambii mzee mmoja aliyeketi hapa atakufa lini, wala haimwambii mwanawe.

Yako magonjwa machache ambayo huletwa na jeni moja, na katika hayo mambo ni wazi. Tuutazame ualbino. Namna iliyo ya kawaida katika jamii za Kibantu hutokana na kipande kimoja kilichokatika katika jeni moja, na mtoto huzaliwa hivyo akiipokea jeni iliyokatika kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, ijapokuwa wazazi wenyewe wana ngozi nyeusi. Mama hana kosa, wala hakuzini na mzungu kama wapumbavu wasemavyo. Urithi huo haubadiliki mpaka kufa. Hata hivyo, mtoto wa namna hiyo akipewa kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, na kiti cha mbele darasani, aweza kuwa mzee mwenye wajukuu. Na mwenzake mwenye jeni ile ile, akiachwa achunge mbuzi juani pasipo kofia, aweza kupata saratani ya ngozi naye bado ni kijana. Jeni ni moja, na umri ni mbali mbali. Twataka mkutano uukumbuke mfano huu kuliko mingine yote tutakayotoa, maana ikiwa jambo ni hivyo katika ugonjwa ulioandikwa wazi kabisa ndani ya damu, itakuwaje katika magonjwa ambayo damu huchangia kidogo tu?

Mfano wa pili ni selimundu. Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii mwaka 1949 alipokuwa angali mwanafunzi wa udaktari, akaona kuwa tabia ya selimundu imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, nayo ni haba sana katika nchi za juu zenye malaria kidogo. Mwaka 1954 alieleza sababu yake. Aliyeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali, na aliyeirithi kwa wazazi wawili huugua maisha yake yote. Vijana wetu siku hizi huoa Kisumu na huolewa Kilifi, jambo ambalo halmashauri hailaumu hata kidogo, na wangefanya vema kupima damu kabla ya harusi, kwa utulivu, kama wanavyopima mambo mengine.

Selimundu yatufundisha jambo jingine linalohusu uzee hasa. Urithi hukopesha ujanani na hudai baadaye. Wazee waliohamia katika makao mapya ya Makueni baada ya Vita Kuu ya Pili wanaikumbuka mbung'o iliyowazuia watu na ng'ombe kukaa katika pori lile mpaka lilipofyekwa. Basi katika Afrika ya Magharibi wako watu wengi wenye namna fulani za jeni iitwayo APOL1, zinazosaidia kuwaua vijidudu vya malale vinavyochukuliwa na mbung'o. Mwaka 2010 ilijulikana kuwa mtu aliyezirithi kwa wazazi wote wawili yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuharibikiwa na figo anapoendelea na umri. Namna hizo ni chache zaidi kwa watu wa Afrika ya Mashariki, wala hatuzitaji ili kuwatisha wenye ugonjwa wa figo wa Kitui. Twazitaja ili ionekane kwamba hakuna damu njema wala damu mbaya kwa jumla, ila damu iliyofaa mahali fulani katika wakati fulani.

Majirani zetu wa kaskazini wametupa mfano ulio karibu zaidi na hali ya nchi kavu. Mwaka 2025 watafiti wa Kenya na wenzao wa ng'ambo walitangaza habari za Waturkana, ambao kwa vizazi vingi wameishi kwa maziwa, nyama na damu katika nchi yenye maji machache. Waliona kuwa jeni moja ya figo, iitwayo STC1, imebadilika kati yao kwa namna inayousaidia mwili kuyashika maji usiyapoteze. Lakini Mturkana huyo huyo akihamia mjini, akala unga, sukari na mafuta ya kukaangia, mwili wake uliozoea mengine waweza kumgeuka, na miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2020, ilikuwa imekwisha onekana kuwa Waturkana waliozaliwa na kukaa mijini wana afya mbaya zaidi ya moyo na sukari kuliko ndugu zao wafugaji. Sisi Wakamba si Waturkana. Sisi ni watu wa mtama, mawele, kunde na mbaazi, na mifugo kando. Lakini twaijua kiu, na twajua pia njia ya kwenda mjini.

Sasa twafika nyumbani. Mwaka 2009 zilitangazwa habari za uchunguzi uliofanywa na Daktari Dirk Christensen na wenzake, wa Kenya na wa Denmark, juu ya ugonjwa wa sukari katika jamii tatu za mashambani, yaani Wajaluo wa Bondo, Wakamba wa Kitui, na Wamasai wa Transmara, pamoja na watu wa jamii hizo hizo wakaao Nairobi. Walipima damu za watu zaidi ya 1,400. Kati ya watu wa mashamba, waliokuwa na ugonjwa wa sukari walikuwa kama 2.2 katika kila 100. Kati ya watu wa mjini walikuwa 12.2 katika kila 100. Mwenyekiti atatusamehe tukirudia: mbili shambani, kumi na mbili mjini, na damu ni zile zile. Hakuna ukoo uliobadilika jeni zake kwa kupanda basi la Nairobi. Kilichobadilika ni mwendo wa miguu, wali na chapati mahali pa isyo na muthokoi, soda mahali pa uji, na kitako kukaa juu ya kiti tangu asubuhi hata usiku.

Hata hivyo hatusemi kuwa urithi haumo. Watafiti wale wale waliona kuwa jamii zile tatu hazikuwa sawa kwa umbo, wala kwa namna mafuta yanavyokaa tumboni, hata huko huko mashambani. Na katika kila jamii wako watu wa mjini walionenepa wasiugue, na wako wembamba waliougua. Hapo ndipo damu huonekana. Tungesema hivi: mji ndio unaowapandisha watu wote kilima, na urithi ndio unaochagua nani atakayechoka kwanza. Basi kijana ambaye baba yake na shangazi yake wana sukari asiseme, "Ni ya ukoo wetu, sina la kufanya." Yeye ndiye mwenye la kufanya zaidi ya wote.

Habari za shinikizo la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha, ni za namna hiyo hiyo. Mwaka 1990 Daktari Neil Poulter na wenzake walieleza jinsi walivyowafuata Wajaluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria wakaja kukaa Nairobi. Shinikizo la damu lilianza kupanda upesi sana baada ya kufika, katika miezi ile ya kwanza, na mkojo ulionyesha kuwa chumvi waliyokula imezidi. Wale waliobaki kijijini hawakupandishwa vile. Na kabla ya hapo, mwaka 1969, Daktari Shaper alikuwa ameeleza mambo yanayofanana na hayo juu ya vijana wa Kisamburu walioingia jeshini wakala chakula cha jeshi. Kwa hivyo zamani ilipodhaniwa kuwa Mwafrika hana ugonjwa wa presha kwa sababu ya damu yake, ilikuwa ni dhana tu. Na leo inapodhaniwa kuwa Mwafrika ana presha kwa sababu ya damu yake, yafaa tuwe waangalifu vile vile.

Kuhusu nguvu za mwili, ambazo ndizo zinazomfanya mzee ajitegemee, liko jambo linalowahusu mama zetu, nalo halijulikani kwa kadiri linavyostahili. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliandika habari za wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wanawake wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda wa paji la uso, kama mama zetu wa Ukambani wanavyobeba mtungi na kuni. Walipima pumzi zao wakitembea na mizigo. Waliona kuwa mwanamke aweza kubeba mzigo wa sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wake bila ya kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Wanajeshi wenye mizigo mgongoni hawakuweza kufanya hivyo hata kidogo. Je, ilikuwa ni damu? Mwaka 1995 Heglund na wenzake walilichunguza jambo hilo tena, wakaona siri imo katika mwendo wenyewe: mwili hupanda na kushuka juu ya mguu kama timazi inayoning'inia, na wanawake hao huupoteza mwendo huo kidogo kuliko wengine wanapobebeshwa mzigo. Hilo hupatikana kwa kuzoea tangu utoto. Wanawake waliopimwa walikuwa wachache, na hatupendi kuwapa wanaume wa mkutano huu sababu ya kuendelea kutembea mbele na fimbo mkononi. Mzigo mzito mno wa miaka mingi huumiza shingo na magoti, na mabwawa ya mchanga yaliyojengwa Kitui na Makueni, ambayo yamewapunguzia wengi mwendo wa maji, ni neema. Lakini mwenye kupunguziwa mwendo wa maji na atafute mwendo mwingine.

Wapo wasemao kwamba Wakenya wana jeni ya kukimbia. Sisi pia tumejivunia wakimbiaji wetu: Benson Masya, mzaliwa wa Kitui, aliyekuwa bingwa wa dunia wa nusu-marathoni mashindano hayo yalipoanzishwa mwaka 1992, na Cosmas Ndeti wa Machakos, aliyeshinda Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliwapima wakimbiaji wa Kenya na kuwalinganisha na Wakenya wengine. Mwaka 2005 walieleza kuwa jeni iitwayo ACE, iliyokuwa ikisifiwa Ulaya, haikuwatenga wakimbiaji wetu na watu wa kawaida. Mwaka 2007 wakaeleza vivyo hivyo juu ya jeni ya msuli iitwayo ACTN3. Katika Ulaya mtu mmoja kati ya watano au sita hukosa kabisa kitu kinachotengenezwa na jeni hiyo katika misuli, na hapa Kenya akosaye ni kama mmoja katika mia. Basi kwa jeni hiyo karibu sote tumo hali moja, mkimbiaji na mwenye duka. Kinachomfanya mzee wa miaka 75 ashindwe kuinuka kitini pasipo kushika meza mara nyingi si kukosa jeni, bali ni miguu iliyoachwa bila kazi, na chakula chenye unga mwingi na kunde kidogo.

Tumelichelewesha jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni akili za wazee.

Upo ugonjwa wa ubongo ambao humpata mtu mzee polepole. Huanza kwa kusahau mambo ya jana huku akiyakumbuka ya ujanani, kisha hupotea njia, huwashuku watu wa nyumbani kwamba wamemwibia, hutoka usiku, na mwisho hawatambui watoto wake. Waganga huyaita magonjwa ya namna hiyo kwa jumla dimensia, na ulio mkubwa kati yao huitwa kwa jina la Mjerumani Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Mwaka 2021 Daktari Christine Musyimi na wenzake walitangaza yale waliyoyasikia hapa hapa Makueni walipozungumza na wagonjwa, watunzaji wao, wahudumu wa afya na raia. Walisikia watu wakisema kuwa huo ni uzee tu, na wengine wakisema ni laana au urogi. Maneno hayo yote mawili yana madhara. Asemaye ni uzee tu hampeleki mzee hospitali. Asemaye ni urogi humfungia mzee chumbani, au humwita yeye mwenyewe mchawi, maana huonekana usiku nje ya nyumba asijue atokako.

Je, urithi umo? Umo kwa sehemu. Jeni iitwayo APOE ina namna tatu, na iliyo ya nne kwa jina, yaani E4, imeonekana Ulaya na Marekani kuzidisha sana hatari ya Alzheimer, zaidi kwa mtu aliyeirithi kwa wazazi wawili. Hapa Afrika mambo hayakwenda hivyo. Namna ya E4 ni ya kawaida kwetu kuliko huko. Lakini watafiti waliowapima wazee wa Nyeri, ambao habari zao zilitoka mwaka 2010, hawakuona kwamba E4 inawatenga wagonjwa na wazima kama ilivyo Ulaya. Na huko Ibadan, Naijeria, wazee walilinganishwa na watu weusi wa mji wa Indianapolis, Marekani. Mwaka 2001 ilielezwa kuwa kwa mwaka mmoja Alzheimer iliwapata wazee kama 2.52 katika kila 100 huko Indianapolis, na kama 1.15 tu huko Ibadan. Wazazi wa kale wa watu hao wengi wao walikuwa wa bara moja, na uzee wao haukuwa mmoja.

Basi kwa ndugu zetu wanaovunja posa, jibu la halmashauri ni hili. Bibi aliyesahau akiwa na miaka 80 si alama iliyopigwa juu ya ukoo. Namna za ugonjwa huo zinazopita moja kwa moja kutoka kwa mzazi hadi mtoto zipo, lakini ni nadra sana, nazo huwaanza watu mapema, katika miaka ya 40 au 50. Nyingine zote ni urithi kidogo ukichanganyika na mambo mengi. Mwaka 2024 wataalamu walioitwa na jarida la Lancet walihesabu mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, wakasema kuwa karibu 45 katika kila 100 ya wagonjwa wa dimensia duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Kati ya hayo 14 imo presha isiyotibiwa, umo ugonjwa wa sukari, kumo kukosa elimu utotoni, uziwi usiosaidiwa, ulevi, kuumia kichwa, na upweke. Mwenye kuogopa ukoo wa msichana kwa sababu ya nyanya yake, na aende kwanza kupima presha yake mwenyewe. Kuhusu kuumia kichwa, vijana wa pikipiki wasiovaa kofia ngumu wanasikia.

Na kwa wanaowanong'onea wajane, hatuna maneno mengi. Desturi yetu haikumpa mtu ruhusa ya kumwita mwenzake mchawi kwa sababu ya kusahau. Wazee wa ukoo waliopo hapa ndio wenye mamlaka ya kulikomesha jambo hili, na mkutano wawatazamia.

Twaongeza neno juu ya damu yenyewe. Kwa kuwa watu wa Afrika wanatofautiana sana, wachunguzi wengi watazidi kuja kutaka damu na mate ya watu wetu, na hilo si baya, maana pasipo hilo dawa zitaendelea kutengenezwa kwa kipimo cha wengine. Kwa mfano huko Nairobi, watu wa Korogocho na Viwandani wamekuwa sehemu ya uchunguzi uitwao AWI-Gen, juu ya urithi na magonjwa ya watu wazima, pamoja na watu wa Afrika ya Kusini, Ghana na Burkina Faso. Lakini mzee akiombwa damu na aulize: ni ya kazi gani, itawekwa wapi, nani ataisoma, na je, nitaambiwa yatakayoonekana? Ana haki ya kukataa, na akikataa asinyimwe matibabu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za urithi wa mtu kuwa ni za siri.

Yaliyobaki ni mambo ya kazi. Serikali ya Kaunti ya Makueni ilipoanzisha mpango wake wa matibabu mwaka 2016, kila nyumba ilitozwa shilingi 500 kwa mwaka, na wenye zaidi ya miaka 65 waliandikishwa bila kulipa. Tuliona wakati ule jinsi wazee wengi walivyokwenda hospitali kwa mara ya kwanza, si kwa kuwa waliugua siku ile, bali kwa kuwa mlango ulifunguliwa. Chama chetu hakina uwezo wa serikali. Lakini ukurasa wa Mtunza Hazina katika kitabu hiki waonyesha kuwa fedha tulizotumia kuwasafirisha marehemu ni nyingi mara kadhaa kuliko zile tulizotumia kwa wazee walio hai. Halmashauri haisemi mazishi yaachwe. Yaomba kwamba sehemu ndogo ya fedha hizo inunue vipimo vya presha, kimoja kwa kila tawi, na kila tawi limchague kijana mmoja aliyesoma, afundishwe na muuguzi wa zahanati iliyo karibu jinsi ya kupima na kuandika. Kila mzee apimwe siku ya mkutano wa tawi, na anayeonekana amezidi apelekwe hospitali kwa nauli ya tawi.

Tena twaomba kila ukoo uwe na daftari. Wazee wetu hutaja majina ya mababu mpaka vizazi saba bila kukwama, lakini ukiwauliza babu huyo alikufa kwa nini, husema, "Aliugua." Na iandikwe, kwa kadiri ikumbukwavyo: nani alipatwa na kiharusi na akiwa na miaka mingapi, nani alikuwa na sukari, nani alikufa kwa figo, nani alipofuka. Daktari akiyajua hayo amejua kuhusu urithi wako mambo mengi ambayo kipimo cha gharama kubwa kisingemwambia. Daftari hilo likae kwa mwenye ukoo, lisomwe na daktari na wana wa ukoo wenyewe, na mtu ye yote asilitoe mbele ya mshenga.

Katibu anayo karatasi ya majina ya vijana watakaofundishwa kupima. Matawi ya Mutomo, Kyuso na Kibwezi yamekwisha leta majina yao. Matawi mengine yaombwa kuyaleta kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na mwenye swali juu ya hayo tuliyosema aweza kuuliza sasa, kwa Kiswahili au kwa Kikamba.